Aerojeli: Msiipandishe Paani, Ipelekeni Kwenye Maziwa

Leo siandiki kuhusu programu. Kuna jambo limenikaa kichwani wiki kadhaa sasa, na nisipolitoa litaniharibia kazi.

Yeyote aliyewahi kulala katika nyumba ya mabati isiyo na dari anajua mambo mawili. La kwanza ni kwamba saa nane mchana hakukaliki. La pili hatulisemi sana: alfajiri, baada ya usiku usio na hata wingu moja, mabati hayo hayo hudondosha maji. Mvua haijanyesha. Tone linakupiga usoni, unajifunika blanketi na kusema ni pumzi zetu tu. Ni kweli maji yanatoka kwa pumzi na hewa ya ndani. Lakini yameganda pale juu kwa sababu mabati yamekuwa baridi kuliko hewa inayoyazunguka, na hapo ndipo penye kitendawili. Chai ukiiacha mezani itapoa mpaka ilingane na hewa ya chumba, kisha itasimama hapo. Mabati hayasimami hapo. Yanapita. Nani anayapoza?

Ni anga. Kila kitu chenye joto hutoa miali ya infraredi, ile isiyoonekana kwa macho, na mabati pia. Bamba la mita moja ya mraba lenye joto la nyuzi 27, likiwa la aina inayotoa miali vizuri, hutuma juu wati 460 hivi. Hewa nayo hurudisha sehemu kubwa, kama mtu aliyesimama mlangoni anayekurudishia kila unachotupa nje. Ila kuna upenyo mmoja ambao hewa haiuzibi: miali yenye urefu wa mawimbi wa kati ya mikromita 8 na 13. Hiyo inapita moja kwa moja mpaka anga za mbali, ambako ni nyuzi 270 chini ya sifuri. Bahati nzuri ni kwamba vitu vyenye joto kama la kwetu hutoa miali yao mingi hasa katika urefu huo. Kwa hiyo usiku mkavu usio na mawingu, paa lako linatoa joto zaidi ya linalopokea, na linapoa kupita hewa. Umande kwenye kioo cha gari ni mambo hayo hayo. Sakitu inayounguza majani chai kule nyanda za juu mwezi wa Januari pia ni hayo hayo.

Wala si ujuzi mpya. Mwaka 1775 Mwingereza mmoja, Robert Barker, alieleza katika jarida la Royal Society jinsi Wahindi walivyokuwa wakitengeneza barafu nje usiku, kwenye vibia vya udongo vyenye maji kidogo, vilivyowekwa juu ya mabua makavu ya miwa au mahindi. Angalia ustadi wa jambo hilo. Mabua yanazuia joto la ardhi lisipande, na maji yanalitazama anga. Hakuna stima, hakuna gesi.

Sasa tufike kwenye aerojeli, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Kila baada ya miezi michache mtu hunitumia habari yenye kichwa cha aina ile ile: "Wanasayansi wavumbua kiyoyozi kisichotumia stima". Ukisoma ndani unakuta paa la mabati limechorwa na kibandiko cheupe juu yake. Nami naulizwa, wewe unayejua mambo haya, si tuagize? Jibu langu ni hapana, si kwa paa. Lakini ipo kazi nyingine ambayo ningeitaka aerojeli hata kesho asubuhi, na kazi hiyo haionekani katika michoro yao.

Kwanza tuijue yenyewe. Aerojeli ilitengenezwa mara ya kwanza na Mmarekani Samuel Kistler, aliyechapisha kazi yake mwaka 1931. Chukua kitu kama jeli ya watoto ya kula, ambayo ndani yake ni wavu mwembamba uliojaa maji. Ondoa maji yote, weka hewa mahali pake, na wavu usiporomoke. Kusema ni rahisi. Nyanya ukiianika hunyauka, kwa kuwa maji yanapotoka huvuta kuta za vijumba vyake. Kistler aliepuka mvuto huo kwa kupasha moto na kugandamiza mpaka kile kilichomo ndani kikaacha kuwa kimiminika bila kuchemka, kisha akakiachia kitoke kama gesi. Siku hizi hutumika kaboni dioksidi, ambayo huhitaji kupita nyuzi 31 na mgandamizo wa zaidi ya mara 70 ya hewa tunayovuta. Mkumbuke mtungi huo wa mgandamizo, tutaurudia.

Kinachobaki ni kitu ambacho zaidi ya asilimia 90 yake ni hewa, chepesi mno. Mwaka 2004 chombo cha NASA kiitwacho Stardust kilidaka kwa aerojeli vumbi la nyotamkia Wild 2, na vumbi hilo likatua duniani Januari 2006. Na vigari vya Mars, Spirit na Opportunity, vililindwa navyo dhidi ya baridi kwa kuwekewa aerojeli kwenye sanduku lenye vifaa vya elektroniki. Sababu ni kwamba vijumba vya ndani ni vidogo kuliko umbali ambao chembe ya hewa huenda kabla ya kugongana na mwenzake. Chembe inagonga ukuta kila mara, haipati nafasi ya kumpasia mwenzake joto. Ndiyo maana aerojeli ya silika huzuia joto kuliko hata hewa tulivu yenyewe.

Mpaka hapo ni ukuta. Je, inahusiana vipi na anga? Hapa habari za magazeti huchanganya vitu viwili, na mkanganyiko huo ndio unaowapotezea watu pesa.

Aerojeli ya kawaida ni ya silika, ndugu wa kioo. Silika hunyonya miali ya infraredi ya mikromita 9 hivi, yaani katikati kabisa ya ule upenyo wa anga. Ukiiweka juu ya bamba unalotaka lipoe, umeziba dirisha lako mwenyewe. Hiyo ni ya kuta. Kwa dirisha inatakiwa aerojeli inayopitisha infraredi, na mwaka 2019 kundi la MIT, akiwemo Arny Leroy na Evelyn Wang, lilichapisha moja iliyotengenezwa kwa polithini. Ndiyo, polithini, ile ile ya mifuko iliyopigwa marufuku Kenya Agosti 2017. Polithini ina tabia ya ajabu: infraredi hupenya. Ukiutazama mkono ulio ndani ya juala jeusi kwa kamera ya joto, unauona. Ya kwao ilikuwa nyeupe, ikirudisha asilimia 92 ya mwanga wa jua kwa unene wa milimita 6, huku ikiacha karibu asilimia 80 ya miali ya ule upenyo ipite. Jua halingii, joto linatoka. Waliijaribu jangwa la Atacama kule Chile na bamba likashuka nyuzi 13 chini ya hewa, mchana wa jua la utosini.

Nyuzi 13 chini, saa sita mchana, bila stima. Niliposoma mara ya kwanza nilisimama kutoka kitini.

Halafu nikakaa na kalamu. Tufanye hesabu pamoja, si ngumu. Kule Atacama walipima uwezo wa kupoza wa wati 96 kwa mita ya mraba, bamba likiwa na joto sawa na la hewa. Sasa tuseme bamba limeshuka nyuzi 10 chini ya hewa. Hewa inayopita itajaribu kulirudishia joto. Kwa upepo mdogo, chukua wati 8 kwa kila nyuzi moja, utapata wati 80. Karibu kila ulichopata kimechukuliwa na upepo. Ukifunika bamba hilo kwa sentimita moja ya aerojeli ya polithini, yenye upitishaji wa 0.028, joto linalorudi ni wati 28 tu. Hiyo ndiyo kazi yake: kumlinda aliye baridi asipashwe na hewa.

Je, mabati yako saa nane mchana ni baridi kuliko hewa? La hasha! Yana moto kuliko hewa, tena mbali sana. Wakati huo upepo ni rafiki yako, ndio unaoyapoza. Mambo ya kwanza kushughulikia pale ni jua, na jua halihitaji aerojeli. Saa sita mchana jua huleta wati 1,000 kwa mita ya mraba. Mabati yaliyozeeka, au yaliyopakwa rangi ya maruni tunayoipenda, yanaweza kunyonya 700 kati ya hizo. Rangi nyeupe ya kawaida ikiwa mpya hurudisha asilimia 80 au zaidi, kwa hiyo hunyonya 200. Kwa brashi na ndoo moja umeondoa wati 500 kwa kila mita ya mraba. Chumba chenye paa la mita 20 za mraba kimeepushwa na kilowati 10 zilizokuwa zikitua juu yake. Si zote zilikuwa zikiingia ndani, lakini wewe mwenyewe umewahi kukaa humo. Aerojeli ingekuja kupigania zile wati 100 za mwisho.

Na rangi nyeupe hufanya kazi ya pili ambayo mabati mapya yanayong'aa hayawezi. Watu hudhani mng'ao wa mabati mapya unatosha kwa kuwa yanarudisha mwanga. Yanarudisha kiasi, lakini chuma kinachong'aa ni bahili wa kutoa infraredi. Kidogo alichonyonya anakishikilia. Rangi hutoa vizuri sana hata ikiwa nyeupe, kwa sababu weupe ni habari ya macho na infraredi ni habari nyingine. Kule Purdue, Marekani, kundi la Xiulin Ruan lilitangaza mwaka 2021 rangi ya bariamu salfeti inayorudisha asilimia 98.1 ya jua. Inapendeza, lakini hata ile ya dukani inakufikisha sehemu kubwa ya safari.

Kisha weka dari. Foamu nyeupe, ile inayokuja ndani ya boksi la TV mpya, huzuia joto kwa karibu nusu ya uwezo wa aerojeli ya silika. Maana yake ukiweka sentimita 5 za foamu umepata sawa na sentimita 2 na nusu za aerojeli. Juu ya dari ya Githurai au Kisauni kuna uhaba gani wa sentimita? Aerojeli inakuuzia nafasi. Kwa kigari cha Mars nafasi na uzito ni dhahabu. Kwa paa lako nafasi ni ya panya. (Foamu hushika moto vibaya, kwa hiyo usiiache wazi karibu na nyaya au jiko. Ifunike.)

Sisi waandishi wa programu tuna ugonjwa huu huu. Mfumo ukienda polepole tunatafuta zana mpya yenye jina zuri, kumbe kuna mzunguko mmoja wa kijinga katika msimbo wetu unaosoma faili lile lile mara elfu. Zaidi ya robo tatu ya nyumba za Kenya zimeezekwa mabati. Mzunguko wetu wa kijinga ni rangi ya hayo mabati.

Niseme pia kwamba ushauri wangu wa rangi nyeupe si wa kila mtu. Mkaaji wa Nyahururu au Limuru anayewasha makaa Julai hana haja ya paa linalofukuza jua. Na kwa ndugu zangu wa Pwani: ule upenyo wa anga huzibwa na mvuke wa maji. Mombasa hewa ina maji mengi mwaka mzima, hivyo anga la huko halivuti joto kama la Lodwar au Wajir. Rangi nyeupe itakusaidia Mombasa kwa kukataa jua, lakini usitarajie bamba lolote likupe nyuzi 13. Atacama ni miongoni mwa sehemu kavu kabisa duniani, na hawakwenda kujaribia huko kwa bahati. Nairobi nayo Julai hufunikwa na mawingu wiki nzima, na wingu ni blanketi. Muuzaji akikuletea karatasi yenye namba, muulize zilipimiwa wapi na mwezi gani.

Basi kama si paani, ni wapi? Niwapeleke Kinangop.

Shangazi yangu anafuga ng'ombe huko. Anakamua mara mbili. Maziwa ya asubuhi yanachukuliwa na pikapu yakiwa bado na joto la ng'ombe, hayana shida. Maziwa ya jioni yanalala kwenye mtungi mpaka kesho. Asubuhi yanafika kituoni, yule wa kupima anaweka matone ya spiriti, yakishikana vipande anatikisa kichwa. Mtungi unarudi nyumbani na boda boda, na nauli umelipa. Siku hiyo majirani wanakunywa mala mpaka watosheke, na ndama pia. Yakikataliwa mara tatu kwa mwezi, karo ya mtu imeondoka. Sikiliza alivyoniambia: "Wewe unayesomea mambo ya kompyuta, nieleze. Huku baridi inatuua, na maziwa yanachacha. Hiyo ni akili gani?"

Sikuwa na jibu. Mama wa watu yuko mita 2,500 na zaidi juu ya bahari. Mwezi wa Januari huacha beseni la maji nje na kulikuta na utando wa barafu. Barafu! Na ndani ya nyumba mita kumi kutoka hapo, lita 20 za maziwa zinaharibika.

Kinachowaponza maziwa ni kwamba yanapoa polepole mno. Yanatoka kwenye kiwele na nyuzi 35 hivi, na mtungi ukikaa jikoni hukaa na uvuguvugu saa nyingi, wakati ambao vijidudu huzaana bila kuhesabu. Unahitaji ubaridi uliokwisha kuwekwa akiba kabla ya kukamua. Maji ndiyo benki yake.

Nikachora hivi. Sanduku lenye lita 40 za maji, kuta zake ni foamu ya sentimita 5. Juu yake, bamba la mabati la mita moja ya mraba lililopakwa rangi, lenye vibomba kwa nyuma, likitazama anga. Maji yakipoa kwenye bamba huwa mazito na kushuka yenyewe sandukuni, ya uvuguvugu hupanda. Ni ile sola ya kuchemsha maji iliyogeuzwa miguu juu. Namba za Atacama nizikate nusu, niseme wati 48, kwa saa 10 za usiku. Hiyo ni kilojuli 1,728.

Tuanze jioni, maji yakiwa nyuzi 12. Unatumbukiza mtungi wa lita 20 za maziwa yenye nyuzi 35, unakoroga. Kwa muda mfupi vyote viwili vinakutana kwenye nyuzi 19 hivi. Usiku bamba linafanya kazi, linavuta nyuzi 7, alfajiri maziwa na maji yako nyuzi 12. Mtungi unaondoka. Maji yanabaki ndani ya foamu mchana kutwa, yanapanda nyuzi moja tu, kwa kuwa kuta zinapitisha wati 5 au 6. Jioni unaanza tena na nyuzi 12 au 13. Mzunguko umefunga, na ni mzunguko ambao si wa kijinga. Ukitumia mabamba mawili na lita 80, kukutana kwa kwanza kunashuka mpaka nyuzi 16.

Sisemi hii ni friji. Maziwa yanatakiwa kufika nyuzi 4 ndiyo yahesabike yamepozwa, na hayatafika. Usiku wa mawingu hesabu yote inapungua, na majira ya masika bamba litakuwa pambo. Lakini kati ya maziwa yaliyolala na nyuzi 25 na yaliyolala kati ya 19 na 12 kuna tofauti ambayo matone ya spiriti yanaiona.

Sasa tazama: katika mchoro huo wa Kinangop, aerojeli iko wapi? Haipo. Usiku hakuna jua la kurudisha, na kifuniko cha polithini nyembamba iliyo wazi, iliyokazwa sentimita chache juu ya bamba, kinatosha kuzuia upepo. Kuta za foamu zinapoteza nyuzi moja kwa siku, na aerojeli ya silika ingeokoa nusu yake. Hailipi. Kwa muda nilifikiri makala hii ingeishia hapo, niandike tu kwamba aerojeli ni kitu cha maabara, niwatakie usiku mwema.

Kilichonibadilisha mawazo ni Isiolo. Kina mama wa huko hupeleka maziwa ya ngamia mpaka Eastleigh, safari ya mamia ya kilomita kutoka sehemu zenye joto la kupindukia. Huko usiku hauleti nyuzi 8, kwa hiyo maji yaliyopozwa sawa na hewa bado ni ya uvuguvugu. Unataka kushuka mbali chini ya hewa, na unataka bamba lifanye kazi mchana pia. Rudi kwenye ile hesabu ya wati 80 na wati 28. Pale ndipo sentimita moja ya aerojeli ya polithini inageuka kuwa tofauti kati ya kitu kinachofanya kazi na kisichofanya. Hewa ni kavu, anga liko wazi miezi mingi, na kitu kinachopozwa ni sanduku la mita moja, si nyumba. Kipande kidogo, thamani kubwa chini yake. Chanjo za zahanati ningependa kuzitaja, ila hizo zinahitaji joto lisiloyumba, nami nisingemwachia mtoto wa mtu kwa anga.

Kuna la kuongeza. Mwaka 2022 MIT walichapisha kifaa chenye jeli iliyojaa maji, na juu yake aerojeli ya polithini. Maji yanavukiza na kupoza, mvuke unapita kwenye matundu ya aerojeli, na infraredi nayo inapita. Kilishuka nyuzi 9.3 chini ya hewa juu ya paa la chuo chao. Mkulima wa Kenya atakitambua mara moja: ni friji ya mkaa, ile tunayojenga kwa waya na makaa na kuinyunyizia maji ili sukuma zisinyauke, iliyovishwa kofia. Kofia hiyo ndiyo inayonivutia, kwa kuwa friji ya mkaa hunywa maji ovyo, sehemu kubwa ikipotea kwa kupambana na jua na hewa ya moto. Ukikinga hayo, maji yaleyale yanakaa muda mrefu. Isiolo maji yanabebwa kwa punda.

Tatizo ni ule mtungi wa mgandamizo niliosema mkumbuke. Aerojeli hizi bado hukaushwa polepole kwa mgandamizo mkubwa, kipande kwa kipande, na hapo ndipo gharama ilipo. Malighafi yenyewe ni ya kutupwa. Polithini tunaijua. Silika nayo imejaa kwenye maganda ya mpunga; kule Malaysia, Profesa Halimaton Hamdan alitengeneza aerojeli kutokana na maganda hayo na kuiita Maerogel. Mwea tunayachoma. Kwa hiyo nikisikia chuo chetu kikitaka kununua vibandiko vya kuezekea jengo la utawala ili kipige picha, nitakasirika. Wangenunua mtungi mmoja wa mgandamizo, wakae na wanafunzi wa kemia na fundi mmoja wa Gikomba anayejua kuchomelea, wajaribu vipande vya ukubwa wa sahani. Kisha wavipeleke juani Isiolo mwaka mzima. Maana maswali yaliyobaki hayajibiwi maabara: jua la ikweta huivunja polithini kwa muda gani, vumbi jekundu linapunguza weupe kiasi gani, na mbuzi akipanda juu itakuwaje. Mbuzi atapanda.

Mimi naanza na upande usiohitaji mtungi. Bamba la mita moja nimeshakata, rangi nimepaka mikono miwili, vibomba vya shaba vimenigharimu kuliko nilivyomwambia mke wangu. Kipimajoto kinachoandika namba kila dakika 5 nimekiunganisha na kompyuta ndogo, hiyo ndiyo sehemu pekee ya kazi hii ninayoiweza bila kuuliza mtu. Shangazi amenipa nafasi nyuma ya zizi, kwa sharti kwamba nisiguse maziwa yake mpaka nijaribu kwa maji matupu wiki mbili. Nikipata namba, hata zikiwa za aibu, nitaziweka hapa zote.